Maji Ndiyo Saa: Mwezi Mzima wa Kuangalia Ndege kwenye Ardhioevu ya Pwani

Swali: Nimepata nafasi ya kukaa mwezi mzima katika hifadhi ya ardhioevu ya pwani yenye tope, mikoko na mabwawa ya chumvi yaliyoachwa. Nina darubini ya 8×42, daftari na kitabu cha ndege. Siku ya kwanza, saa 1 asubuhi, nilikuta mamia ya ndege mbele yangu. Siku ya tatu, saa ileile, mahali palepale, walikuwa wachache na wako mbali. Mchana sioni kitu. Nakosea wapi, na nizitumieje siku zilizobaki ili mwisho wa mwezi niwe na kitu cha maana mkononi?

Jibu: Kosa liko kwenye saa. Unatoka saa 1 asubuhi kwa kuwa umezoea kusikia kwamba ndege huangaliwa alfajiri, na kwa ndege wa msituni ni kweli. Ndege wa tope la pwani wanafuata maji. Yakipwa, wanatawanyika kwenda kula, pengine kilomita nzima kutoka uliposimama. Yakijaa, yanawasukuma kutoka kwenye tope mpaka wanajazana bega kwa bega kwenye sehemu chache zilizobaki kavu. Na maji hayarudi saa ileile. Kwenye pwani nyingi, kutoka kujaa hadi kujaa ni takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kati ya siku yako ya kwanza na ya tatu yalikuwa yamechelewa kwa saa 1 na dakika 40 hivi. Ukiendelea na saa 1 yako ya asubuhi, wiki ijayo utakuta tope tupu pale pale ulipoyakuta yamejaa.

Kwa hiyo ratiba ya mwezi wako ianze na jedwali la kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu, na kalenda inayoonyesha umri wa mwezi wa angani. Bahati yako ni kwamba mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Katika siku zako utapata bamvua mbili (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), siku moja au mbili baada ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, na maji mafu mawili (siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo) katikati yake. Mtu anayekaa wiki moja huona sehemu tu ya tabia ya eneo. Wewe utaiona yote, mara mbili. Jambo moja litakushangaza: mahali pamoja, kujaa kwa bamvua huangukia karibu saa zilezile za mchana na usiku kila inaporudi. Ukishajua kwamba kwenu bamvua hujaa saa fulani, unaweza kupanga siku zako muhimu wiki mbili kabla. (Kuna pwani ambazo maji hujaa mara moja tu kwa siku, na nyingine, kama sehemu kubwa ya Mediterania, ambako hayapandi sana. Huko upepo na kina cha maji kwenye mabwawa ndivyo vinavyotawala, na sehemu ya ushauri huu haitafaa.)

Usiliamini jedwali kwa dakika. Limetengenezwa kwa ajili ya bandari, na wewe uko ndani ya hori, nyuma ya mikoko, ambako maji hufika kwa kuchelewa. Chukua mti wa mita mbili, uchore alama kila sentimita 10, uusimike kwenye ukingo wa mfereji mahali unapoweza kuusoma kwa darubini, na kwa siku tatu andika saa ambayo maji yanasimama kabla ya kugeuka. Tofauti kati ya saa hiyo na ya jedwali ndiyo sahihisho lako. Itabadilika kidogo kati ya bamvua na maji mafu, basi pima tena wiki ya pili. Upepo unaovuma kutoka baharini huyaongeza maji, na mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1 bahari hupanda kwa kama sentimita 1. Siku ya dhoruba jedwali na mti wako vitagombana, na mti ndio utakaokuwa sahihi.

Sasa, utoke lini? Dirisha bora la kuona ndege kwa karibu ni saa mbili hadi tatu kabla ya maji kujaa. Maji yanapanda, tope linapungua, na ndege wanakuja kwako wenyewe, hatua kwa hatua, huku wakila. Keti mapema, usisogee. Ukifika wakiwa tayari wamekaribia, wataruka. Dirisha la pili ni saa moja hadi mbili baada ya kujaa, tope la kwanza linapofunuka na wenye njaa wanaliwahi. Katikati ya madirisha hayo, saa moja kabla na saa moja baada ya kujaa, ndege wametulia kwenye pumziko lao, na huo ndio wakati wa kuhesabu. Maji yakipwa kabisa, acha darubini. Lala, kula, nakili daftari. Ule utupu wako wa mchana ulitokana na mambo mawili kwa pamoja: maji yalikuwa nje, na joto lilikuwa limeanza kupanda kutoka kwenye tope na kuitingisha picha. Mtetemeko huo wa hewa hauna dawa ya kununua. Darubini ya bei yoyote itaonyesha ndege anayeyeyuka, na kukuza zaidi kunazidisha tatizo. Ukiona miguu ya ndege inakatikakatika, punguza ukuzaji, panda mahali pa juu kidogo, au subiri wingu.

Siku tatu au nne za kwanza usihesabu chochote rasmi. Tafuta mapumziko ya maji kujaa, yote, maana ukikosa moja hesabu yako ya mwezi mzima itakuwa na tundu. Yanaweza kuwa fungu la mchanga, kingo za mabwawa ya chumvi, ufuko mpana wenye mwonekano wazi, hata matawi ya mikoko kwa sululu wenye mdomo uliopinda (Numenius phaeopus) na baadhi ya ndege wengine. Ndege hawa hupenda mahali ambapo mwewe anaonekana akiwa mbali. Usiwatafute kwenye majani marefu. Njia rahisi ni kukaa sehemu moja iliyo wazi saa moja na nusu kabla ya kujaa na kuandika makundi yanayopita yanaelekea wapi. Kesho yake unafuata mwelekeo huo.

Kisha ujue kwamba mapumziko yanabadilika kufuatana na mwezi. Siku za maji mafu sehemu ya tope haifunikwi kabisa, na ndege wengi hawaendi kwenye pumziko. Wanabaki hukohuko nje, wakilala kwa zamu. Siku ya bamvua kubwa, fungu walilozoea linazama, nao wanahamia ndani, mara nyingi kwenye mabwawa ya chumvi. Ndiyo maana mtu anayehesabu fungu hilohilo kila siku anaandika ndege 2,000, halafu 300, halafu 0, akadhani wamehama nchi, kumbe wako mita 800 nyuma yake. Kwa hesabu kamili, chagua siku ambazo maji yanatosha kulifunika tope lote lakini hayajafika kuzamisha pumziko kuu. Mara nyingi ni siku mbili tatu kabla na baada ya kilele cha bamvua. Siku ya kilele chenyewe iwe ya kwenda kuyakagua mapumziko ya akiba.

Mbinu ya kuhesabu inahitaji mazoezi kuliko vifaa. Kundi la hadi 200 lililotulia hesabu mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, ukitumia kihesabio cha kubonyeza ili macho yasitoke kwenye darubini. Likizidi hapo, hesabu ndege 10 kwa uangalifu, uone wanachukua nafasi kiasi gani machoni, kisha endelea kumi kumi. Kwa maelfu, jenga kipande cha 100 kwa njia hiyohiyo na ukitembeze juu ya kundi. Hatari iko kwenye msongamano: katikati ya kundi ndege wamebanana kuliko pembeni, kwa hiyo kipande ulichokijenga pembeni kitakudanganya ukifika ndani. Kijenge upya. Hesabu kundi zima mara tatu. Matokeo yakitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, rudia. Watu wengi hukadiria chini, hasa kundi likiwa kubwa au likiwa hewani, na kosa hilo halipungui kwa kujua lipo. Linapungua kwa kujipima. Piga picha ya kundi, andika makadirio yako papo hapo, na jioni hesabu ndege kwenye picha mmoja mmoja. Fanya hivyo mara kumi na utajua kosa lako binafsi liko upande gani.

Kundi lenye aina mchanganyiko lihesabiwe kwa hatua mbili. Kwanza jumla, bila kujali aina, kwa sababu kundi linaweza kuruka wakati wowote. Kisha chukua sampuli: elekeza darubini sehemu tano tofauti za kundi, pembeni na katikati, na kila mara tambua kila ndege aliye ndani ya duara. Tuseme jumla ilikuwa 1,800, na katika sampuli zako za ndege 240 ulipata 132 wa aina moja ya chamchanga, Calidris ferruginea. Hiyo ni asilimia 55, kwa hiyo unaandika takriban 990. Andika pia kwamba ni makadirio ya sampuli. Aina adimu usiipigie hesabu hii. Itafute na uihesabu yenyewe, kwa sababu ndege wawili adimu wakiangukia ndani ya sampuli kwa bahati watageuka 15 kwenye karatasi.

Kosa linaloharibu taarifa nyingi za mwezi ni kujumlisha siku. Ndege 900 leo na 950 kesho ni karibu ndege walewale, hawawi 1,850. Vivyo hivyo kwa mapumziko mawili uliyoyahesabu kwa maji tofauti, maana kundi lilelile linaweza kuwa lilikuwa hapa jana na kule leo. Kama hifadhi ina mapumziko matatu, tafuta wenzako wawili au walinzi wa hifadhi, muoanishe saa, mhesabu kwa kujaa kumoja. Ukiwa peke yako, kila pumziko lisimame na takwimu yake, na namba unayoitaja kwa eneo zima iwe ile kubwa kuliko zote iliyoonekana kwa wakati mmoja.

Namba hizi zina uzito kuliko unavyodhani. Chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, ardhioevu inaweza kutambuliwa kuwa na umuhimu wa kimataifa ikiwa mara kwa mara inabeba ndege wa majini 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya idadi yote ya aina moja katika njia yake ya uhamaji. Eneo dogo linaweza kuvuka kipimo hicho cha pili kwa aina moja tu ambayo hakuna aliyewahi kuihesabu vizuri. Na kama mwezi wako ni Januari, uliza ofisi ya hifadhi kama wanashiriki sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu 1967 na kuratibiwa na shirika la Wetlands International. Hesabu yako inaweza kuingia humo.

Kwenye utambuzi nitakupa ushauri ambao wageni wa kazi hii huupinga: wiki ya kwanza usitafute ndege adimu. Chagua aina nane zilizo nyingi na uzijue mpaka uzitambue kwa mita 300 bila kuona rangi. Rangi ndiyo kitu cha mwisho. Nje ya msimu wa kuzaliana wengi wao ni kijivu juu na weupe chini, na picha ya kitabuni yenye kifua chekundu haitakusaidia. Tazama kwanza ukubwa, kwa kumlinganisha na ndege jirani unayemjua. Kisha mdomo, urefu wake ukilinganishwa na kichwa: mfupi kuliko kichwa, sawa nacho, au mara mbili na zaidi. Kisha miguu. Kisha namna anavyokula, ambayo mara nyingi ndiyo jibu lenyewe.

Kitwitwi wenye macho makubwa na mdomo mfupi hukimbia, husimama ghafla, hutazama, hudonoa, hukimbia tena. Wanawinda kwa macho. Ndege mwenye mwendo huo lakini mkubwa na mnene ni Pluvialis squatarola, na akiruka utaona kwapa jeusi, alama isiyomwacha mtu na shaka. Chamchanga wanatembea vichwa chini wakishona tope kama cherehani. C. ferruginea (C. ni kifupi cha Calidris) ana mdomo mrefu uliojipinda taratibu kuelekea chini, na kiuno cheupe akiruka. C. alba, mweupe kuliko wenzake, huishi kwenye mchanga na kukimbizana na ukingo wa wimbi, kwenda na kurudi. Arenaria interpres, mfupi wa miguu, hupindua mawe na mwani. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda kwenda juu na hukimbia ameinama kana kwamba amechelewa mahali. Actitis hypoleucos, karibu kila mara peke yake, hutikisa mkia bila kupumzika, na huruka chini chini juu ya maji kwa mapigo mafupi ya mabawa yaliyokakamaa. Sululu utamsikia kabla ya kumwona, mluzi wa haraka wa sauti kama saba zinazofuatana kwa kiwango kimoja. Jina lake amelibeba vizuri, kwa kuwa mdomo umepinda kama sululu ya kuchimbia.

Mdomo mrefu si pambo. Unaamua ndege anafika kina gani na kwa hiyo anakula nini, na ndiyo maana aina sita zinaweza kula kwenye tope moja bila kupokonyana. Ncha ya mdomo wa baadhi ya chamchanga ina vihisio vya mgandamizo. Imethibitishwa kwa Calidris canutus kwamba hutambua kombe lililofukiwa bila kuligusa. Kama unataka kuona tofauti hizi kwa namba, tumia siku za maji mafu, ambazo hazifai kwa hesabu kuu. Chagua ndege mmoja, mfuate kwa dakika 1 kwa saa ya mkononi, hesabu mara alizochoma tope na mara alizomeza kitu. Ndege 10 kwa kila aina, kila mmoja tofauti, ukiandika pia kama ni tope laini, mchanga au ukingo wa maji. Usichague anayekula kwa bidii tu kwa sababu anapendeza kutazama. Chukua wa tatu kutoka kushoto, awe nani.

Pale usipokuwa na uhakika, andika kundi: "chamchanga mdogo, hakutambuliwa, 40". Hiyo ni taarifa safi. Aina iliyobahatishwa ni uchafu ambao hakuna atakayeweza kuutoa baadaye. Lakini ndege yeyote asiyefanana na wenzake mpige picha, hata mbaya, kutoka pembe zaidi ya moja. Sululu mwembamba wa mdomo, Numenius tenuirostris, alionekana kwa uhakika mara ya mwisho mwaka 1995, kwenye wangwa wa pwani wa Merja Zerga nchini Morocco, katikati ya sululu wa aina nyingine. Mwaka 2025 alitangazwa kuwa ametoweka duniani. Aina nzima ilipungua hivyo katika maeneo ambayo watu walipita na darubini zao, na inauma.

Kama mwezi wako ni kati ya Agosti na Novemba, katika maeneo yanayopokea wahamiaji kutoka kaskazini, ongeza jambo moja: umri. Waliozaliwa mwaka huo wana manyoya mapya ya mgongoni yenye kingo nyeupe zilizo sawasawa, kama magamba ya samaki. Wakubwa wana manyoya yaliyochakaa, na mengine yamebaki na mabaka ya wekundu wa msimu wa kuzaliana. Kwa Calidris ferruginea, anayezaliana Siberia ya kaskazini, uwiano huo unaeleza kilichotokea huko. Mwaka ambao panya wadogo wa tundra ni wengi, mbweha hula panya na makinda yanapona. Mwaka wa panya wachache, mayai na makinda ndiyo yanayoliwa. Tazama makundi madogo ya 50 hadi 100, sehemu tofauti za tope, kwa sababu wachanga mara nyingi wanakula pembeni na ukichukua sehemu moja tu utapata uwiano wa uongo.

Utakutana pia na ndege wenye pete za rangi au vibendera miguuni, walivyofungwa na watafiti ili kila mmoja atambulike. Andika aina, mguu, nafasi, rangi, na maandishi, kwa mpangilio huo. Mguu wa kushoto ni kushoto kwa ndege, siyo kwako. Hili limeharibu taarifa nyingi. Nafasi ni juu au chini ya kile kinachoonekana kama goti. Soma kutoka juu kwenda chini. Rangi hupauka kwa jua na tope huficha nyingine, basi ukiwa na shaka andika rangi zote mbili zinazowezekana. Maandishi yanayochanganya ni 8 na B, 0 na D, V na Y. Andika ulichokiona tu: "kibendera chekundu juu kulia, herufi ya kati haikusomeka" inaweza kutosha, na kubahatisha herufi kutamfanya ndege aliyekufa miaka mitano iliyopita afufuke kwenye kumbukumbu.

Suala la umbali ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Ndege aliye kwenye pumziko anaonekana kama hana kazi, lakini anasaga chakula na kutunza mafuta. Anakula maji yakiruhusu, usiku na mchana, na usingizi anaupata kwenye saa hizohizo unazomfuata. Kabla ya kuondoka baadhi hukaribia kuongeza uzito wao maradufu. Mwaka 2022 ndege mchanga wa aina ya Limosa lapponica, wa miezi mitano hivi, mwenye kifaa cha satelaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, takriban kilomita 13,560 kwa siku 11. Mafuta ya safari ya namna hiyo hukusanywa kwenye tope kama lako, na kila anaporushwa bure anachoma sehemu yake. Anza kwa kukaa mita 200 kutoka kwenye pumziko na umruhusu ndege akuambie. Vichwa vikiinuka, kula kukikoma, wakianza kutembea wote upande mmoja au kunyoosha mabawa, tayari umezidi. Rudi nyuma wakati huohuo, taratibu, bila kusimama wima kwa ghafla. Sululu huruka mapema sana kuliko chamchanga wadogo, kwa hiyo pima umbali wako kwa mwoga kuliko wote. Usitumie sauti zilizorekodiwa. Na usipite kwenye mchanga mkavu wa juu wakati wa kutaga: mayai ya kitwitwi na buabua yamefanana na mchanga mpaka unayakanyaga, na mzazi akikaa mbali kwa dakika chache tu jua kali linaweza kuyaua.

Kwa vifaa huna upungufu mkubwa. Darubini ya 8×42 inatosha kwa madirisha ya maji yanayopanda. Kwa pumziko lililo mbali zaidi ya mita 200 utahitaji darubini ya stendi, ya 20–60× yenye kioo cha mbele cha milimita 80 hivi. Uliza kama hifadhi wanayo ya kuazima. Funga mkoba kwenye stendi ili upepo usiitingishe, na panga jua liwe mgongoni mwako, ambayo ina maana kwamba pumziko moja litafaa asubuhi na jingine jioni. Chumvi ni adui wa kila siku. Jioni pulizia vumbi kwanza, kisha futa vyuma kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha vioo kwa kitambaa laini. Kufuta kabla ya kupuliza ni kusaga mchanga juu ya kioo. Hifadhi kwenye kisanduku chenye vifuko vya kunyonya unyevu, la sivyo kwenye hewa ya pwani kuvu huota ndani ya lenzi, na huo hautoki kwa kufuta.

Kuhusu tope lenyewe, usiliingie peke yako. Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawanya muda wa kujaa kwa sehemu sita: yanapanda kwa 1/12, 2/12, 3/12, 3/12, 2/12, 1/12. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6, saa ya kwanza hupanda sentimita 30 tu na unajiona salama. Katika saa ya tatu na ya nne pekee huongezeka mita 1.8. Tena hayaji kutoka mbele. Yanapita kwenye mifereji na kukuzunguka, na ule mfereji uliouvuka kwa kifundo cha mguu unakuwa wa kifua nyuma yako. Geuka kurudi kabla maji hayajageuka. Mguu ukizama, usivute kwa nguvu. Keti au lala chali ili uzito usambae, uutingishe mguu taratibu mpaka tope lilegee.

Daftari liandikwe kwa penseli, kwani wino hukimbia na maji. Kila ukurasa uwe na tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, saa na kimo cha maji, nguvu ya upepo kwa kipimo cha Beaufort, mawingu kwa sehemu ngapi kati ya nane za anga yamefunika, na usumbufu wowote: mvuvi, mbwa, kozi aliyerusha kundi. Saa ziandike kwa mtindo wa saa 24. Saa 1 asubuhi iwe 07:00, kwa sababu "saa 1" kwenye taarifa itakayosomwa na mtu wa lugha nyingine inageuka saa 7 usiku au mchana. Mbele ya kila namba weka herufi: H kwa waliohesabiwa mmoja mmoja, K kwa makadirio. Mahali ulipotazama na hukukuta kitu andika 0. Mahali ambapo hukutazama acha wazi. Nakili jioni hiyohiyo, ungali unakumbuka kama ile ni 7 au 1.

Kwa siku zako zilizobaki, basi: siku tatu za mti na ramani ya mapumziko, hesabu kamili siku tatu tofauti karibu na bamvua ya kwanza, wiki ya maji mafu kwa kula, umri na pete, hesabu tatu tena karibu na bamvua ya pili, kwa sehemu zilezile, mpangilio uleule na muda uleule kabla ya kujaa. Usibadilishe njia katikati hata ukigundua iliyo bora zaidi. Hiyo bora iandike pembeni kwa atakayekuja baada yako, na kabla hujaondoka uwaachie hifadhi nakala ya kila ukurasa, pamoja na ramani ya mahali ulipousimika ule mti.